Lori Lililofufuliwa na Deni Lake

Swali la kama kitu kilichoharibika, kikavunjwa na kuundwa upya, hubaki kile kile au huwa kingine, limewashughulisha wanafalsafa na wanateolojia kwa zaidi ya miaka 2,000, na aghalabu limejadiliwa kwa mifano iliyo mbali na maisha ya watu wa kawaida: merikebu ya shujaa wa Kigiriki, sanamu ya shaba iliyoyeyushwa, mwili uliooza kaburini. Likasi, mji wa madini ulioko yapata kilomita 120 kaskazini-magharibi mwa Lubumbashi katika mkoa wa Haut-Katanga, ni mahali ambapo swali hilo lina uzito wa chuma na harufu ya dizeli, kwa sababu huko gari halihesabiwi kuwa limekufa ati kwa kuwa injini yake imepasuka au kebu yake imeliwa na kutu. Hushushwa, hufunguliwa, hukatwa, huchomelewa, hupewa viungo vya magari mengine, kisha hurudi barabarani likiitwa kwa jina lile lile. Linalofaa kuulizwa kwa dhati ni kama motuka inayotoka gereji ndiyo ile iliyoingia, na kama ndiyo, ni kitu gani kinachoifanya iwe hivyo. Hali hii ya kitu kuendelea kuwa kile kile ingawa sehemu zake zinabadilika itaitwa hapa udumufu.

Mfano bora wa kulichunguza swali hili ni malori ya Mercedes-Benz yenye pua fupi, ambayo kiwanda chake kilianza kuyatoa mwaka 1959 na ambayo yameenea Afrika nzima, Kongo ikiwemo. Namba zake zenyewe ni maelezo: 911 maana yake ni lori la uzito wa jumla wa takriban tani 9 na nguvu za farasi 110, na 1113 ni la tani 11 na nguvu za farasi 130. Injini yake mashuhuri, OM 352, ina silinda 6 na ujazo wa karibu lita 5.7, haina kompyuta wala kihisio chochote cha kielektroniki, na fundi mwenye sikio zuri hutambua ugonjwa wake kwa kuisikiliza tu. Shasi, yaani mihimili miwili mirefu ya chuma inayobeba kila kitu, imetengana na kebu, na kebu imetengana na bodi ya mizigo, kiasi kwamba kila sehemu hufungwa na kufunguliwa kwa bolti bila kuidhuru nyingine. Zaidi ya hayo, vipuri vya miaka na nchi mbalimbali huingiliana, na giaboksi ya lori lililoundwa Brazili inaweza kukaa katika lori lililoundwa Ujerumani. Urahisi huu ndio unaoyapa malori hayo umri mrefu, na ndio pia unaozaa fumbo, kwa kuwa kitu kinachopokea viungo vya wenzake kwa wepesi namna hiyo hakina mpaka ulio dhahiri kati ya nafsi yake na nafsi za wengine.

Si bahati tu kwamba kazi ya namna hii ina mizizi mirefu Likasi. Kabla ya kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga kuanzishwa mwaka 1906, Wasanga na Wayeke walikuwa wakiyeyusha shaba katika matanuri ya udongo na kuimimina katika kalibu za umbo la msalaba, na misalaba hiyo ilitumika kama fedha mbali sana na Katanga. Baadaye mji huo, ulioitwa Jadotville wakati wa ukoloni wa Ubelgiji, ukapata kiwanda cha Shituru, kilichoanza mwaka 1929 kusafisha shaba kwa nguvu ya umeme, pamoja na karakana kuu za Panda, ambamo vyuma viliyeyushwa, vikamiminwa na kuchongwa kuwa vipuri vya migodi. Kampuni ya taifa ya Gécamines, iliyorithi mali hizo baada ya serikali kuzitwaa mwaka 1967, ililea vizazi vya wachomeleaji, wachongaji na mafundi wa injini. Uzalishaji wake ulipoporomoka katika miaka ya 1990, na zaidi ya wafanyakazi 10,000 wakaachishwa kazi mwaka 2003 na 2004 katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, ujuzi wao haukufa pamoja na mishahara yao.

Anayelifufua lori kuukuu ana njia mbili, na tofauti yake si ya ufundi peke yake. Njia ya kwanza ni kulirejesha katika hali ya asili, ambapo fundi hutafuta rangi ile ile ya kiwandani, taa zile zile na hata bolti za aina ile ile, akiamini kwamba ukweli wa lori uko katika siku lilipozaliwa. Njia ya pili ni kuligeuza: kulipunguza kimo, kulikata paa, kulipa injini yenye nguvu kuliko ya kwanza, kulipanulia magurudumu na kulipaka rangi ambayo kiwanda hakikuiota. Wamarekani waliipa njia hii jina la hotirodi. Ilikua kusini mwa California, ambako vijana wa miaka ya 1930 waliyavua magari ya Ford uzito wote usio wa lazima na kuyashindanisha juu ya maziwa makavu ya jangwani kama Muroc. Injini ya V8 ambayo Ford iliitoa mwaka 1932 iliwapa nguvu kwa bei nafuu, chama chao cha mashindano kikaanzishwa mwaka 1937, na jarida la Hot Rod likaanza kuchapishwa Januari 1948. Kwa mtazamo wa hotirodi, ukweli wa gari uko mbele yake, katika kile ambacho lingeweza kuwa. Likasi njia hizi mbili hukutana kwa sababu ya uhitaji, maana fundi asiyepata kipuri cha asili hulazimika kugeuza, na akishageuza hugundua mara nyingi kwamba lori limekuwa bora kuliko kiwanda kilivyolikusudia.

Wanafalsafa wanapofika hapa humwita Plutarch, mwandishi wa Kigiriki aliyesimulia kwamba Waathene waliihifadhi merikebu ya Theseus kwa karne nyingi wakibadilisha kila ubao uliooza, mpaka wasomi wakagawanyika, wengine wakidai ni ile ile na wengine wakikana. Mwaka 1655 Mwingereza Thomas Hobbes aliliongezea fumbo hilo ukali kwa kuuliza: kama mtu angeziokota mbao zote kuukuu na kuziunganisha tena kwa mpangilio wake wa kwanza, ipi kati ya merikebu mbili ingekuwa ya Theseus? Swali hilo limejaza vitabu vingi, lakini wengi wanaolirudia wamesahau jambo ambalo Plato alilitaja katika Phaedo. Merikebu hiyo haikuwekwa kuwa kumbukumbu ya kutazamwa tu. Waathene waliweka nadhiri kwa Apollo kwamba vijana waliokwenda Krete pamoja na Theseus wakiokoka, wangepeleka ujumbe Delos kila mwaka, na merikebu waliyosema kuwa ndiyo ya Theseus ndiyo iliyoutimiza wajibu huo. Muda wote ilipokuwa safarini mji haukuruhusiwa kumwua mtu yeyote, na ndiyo maana Socrates, aliyehukumiwa mwaka 399 kabla ya Kristo, alingoja gerezani hadi iliporudi. Mbao zilibadilika, nadhiri haikubadilika, na mtu aliyekuwa na haja ya kujua kama merikebu ni ile ile hakuwa seremala bali mfungwa. Hapo pana dokezo kubwa kuliko lile la Hobbes, na mwandishi yeyote anayetaka kuelewa udumufu wa vitu vilivyoundwa kwa mkono wa mtu angefanya vema kuanza nalo.

Tena, fumbo la Hobbes haliitoshelezi hali halisi ya gereji. Mbao za Theseus zilizotolewa zilikwenda kuoza, au kwa dhana ya Hobbes zilikusanywa mahali pamoja. Vipuri vya lori, kinyume chake, huingia katika mwili wa lori jingine na kuishi humo. Giaboksi iliyofanya kazi miaka 15 katika gari moja hufanya kazi miaka mingine 10 katika gari la pili, kisha gia zake mbili huhamia la tatu. Wanateolojia wa kale walilijua tatizo hili vizuri kuliko wanafalsafa wa leo, kwa sababu wapinzani wa imani ya ufufuo waliwarushia mfano wa kutisha: mtu akiliwa na mtu mwenzake, nyama iliyokuwa ya wa kwanza ikawa nyama ya wa pili, siku ya ufufuo itakuwa ya nani? Athenagoras, mwandishi Mkristo wa karne ya 2, alijibu kwamba mwili wa binadamu hauwezi kamwe kugeuka chakula halisi cha binadamu mwingine, jibu ambalo elimu ya mwili imelikanusha. Augustine wa Hippo, katika kitabu cha mwisho cha Mji wa Mungu, alikwenda kwa ujasiri zaidi. Alisema kwamba nyama hiyo itarudi kwa yule ambaye ndani yake ilikuwa nyama ya mtu kwa mara ya kwanza, na kwamba yule aliyeila kwa njaa ahesabiwe kuwa aliikopa.

Upande wa Uislamu, Abu Hamid al-Ghazali aliujadili mfano huo huo katika sehemu ya mwisho ya Tahafut al-Falasifa, kitabu alichokikamilisha mwaka 1095 kuwajibu wanafalsafa waliokana kufufuliwa kwa miili. Jibu lake ni jepesi na la kushangaza: kilicho muhimu ni kwamba nafsi irudishwe katika mwili, na haidhuru mwili huo ukiwa umeundwa kwa mata ile ile ya kwanza, au kwa mata nyingine, au kwa mata iliyoumbwa upya; mata ikieleweka hapa kuwa ni kile ambacho kitu kimetengenezwa nacho. Hata hivyo Waislamu wengi wa kawaida hushikamana na hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Hurayra, isemayo kwamba kila sehemu ya mwanadamu huoza isipokuwa kifupa cha mwisho wa uti wa mgongo, ambacho kwacho ataundwa tena. Kwa Ghazali udumufu hauhitaji chembe yoyote ibaki. Kwa ufahamu ulioenea wa hadithi hiyo, inahitajika chembe moja, ndogo lakini ya hakika.

Sheria za magari zimechagua, pasipo kujua, njia ya kifupa. Namba iliyogongwa katika muhimili wa shasi ndiyo inayoandikwa katika hati ya gari, ambayo Kongo huitwa kadi ya waridi kwa sababu ya rangi yake, na machoni pa ofisa, lori lililobadilishwa kila kitu isipokuwa kipande hicho cha chuma ni lile lile, ilhali lori lililobaki na kila kitu isipokuwa hicho halijulikani lilikotoka. Utaratibu huu una manufaa makubwa kwa serikali, kwa polisi na kwa mnunuzi. Lakini anayejenga hotirodi huufikisha ukingoni haraka, kwa kuwa mara nyingi hulazimika kuikata shasi yenyewe, kuifupisha katikati, au kuiunganisha nusu ya mbele ya lori moja na nusu ya nyuma ya jingine. Kipande chenye namba chaweza kukatwa kwa msumeno na kuchomelewa kwingine katika muda wa alasiri moja. Kifupa cha hadithi kinalindwa na Mungu, na ndiyo maana kinaaminika. Kipande cha shasi kinalindwa na uaminifu wa mwenye msumeno, na hapo ndipo sheria inapogundua kwamba haikuwa ikitegemea chuma bali mtu.

Mata nayo haisaidii. Radieta za malori ya zamani zilitengenezwa kwa shaba na shaba nyeupe, nyaya za dinamo ni za shaba, na inawezekana kabisa kwamba baadhi ya shaba hiyo ilitoka ardhini umbali mfupi tu kutoka mahali malori hayo yanapotengenezwa leo, ikasafirishwa hadi baharini, ikayeyushwa Ulaya na kurudi Katanga ikiwa sehemu ya gari. Inawezekana pia kwamba ilitoka Chile. Shaba iliyosafishwa kwa umeme haibebi alama ya mgodi wake, na hakuna macho yanayoweza kuipambanua ya Shituru na ya kwingineko, jambo ambalo wafanyabiashara wa dunia walilitaka hasa, kwani bidhaa isiyo na kumbukumbu huuzwa popote bila maswali. Msalaba wa shaba wa wayeyushaji wa kale ulisema ulikotoka kwa umbo lake. Bamba la Shituru halisemi kitu. Yeyote anayetafuta udumufu wa lori ndani ya mata yake anauliza swali ambalo mata imefundishwa kutolijibu.

Katanga ina mchango wake wenyewe katika mjadala huu, nao hauwezi kupitwa. Padri Placide Tempels, Mfransisko wa Ubelgiji aliyefika Kongo mwaka 1933 na kufanya kazi miongoni mwa Waluba, alichapisha kwa Kifaransa huko Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1945 kitabu kilichodai kwamba kwa Wabantu kuwa ni nguvu, kwamba kila kiumbe ni nguvu inayoweza kukua au kupungua, na kwamba nguvu za mtu huweza kukiimarisha au kukidhoofisha kilicho chini yake. Alexis Kagame wa Rwanda aliipa hoja hiyo nidhamu zaidi mwaka 1956 alipotofautisha, kwa kufuata sarufi ya Kinyarwanda, mtu mwenye akili na kitu kisicho na akili. Ukilitazama lori kwa macho ya Tempels, jibu laonekana kupatikana bila taabu: lori hudumu kwa sababu nguvu ya fundi imeingia ndani yake, na linapoachwa vichakani hupungua kuwa kwake hata kabla kutu haijalifikia.

Jibu hilo linavutia, na lina ukweli fulani, lakini lina kasoro ambayo mshairi Aimé Césaire aliiona mapema. Mwaka 1950 aliandika kwa hasira kwamba mafundisho ya namna hiyo yanaufaa sana ukoloni, kwani yanawapa Wabantu heshima ya falsafa huku yakinyamaza kuhusu ujira, makazi na chakula. Hasira yake ilikuwa na ushahidi pale pale Katanga. Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière walidai mishahara inayolingana na bei za wakati wa vita, mgomo wao ukafika Jadotville na Élisabethville, ukazimwa kwa risasi. Mwezi huo huo, katika mji huo huo wa Jadotville, alizaliwa Valentin-Yves Mudimbe, ambaye katika The Invention of Africa, kilichotoka mwaka 1988, alionyesha jinsi hata wale waliotaka kuitetea fikra ya Kiafrika walivyofanya hivyo kwa rafu za vitabu alizoziita maktaba ya kikoloni. Funzo la wote wawili kwa mjadala huu ni kwamba haitoshi kusema nguvu ya mtu imeingia ndani ya kitu. Lazima iulizwe pia ni nguvu ya nani, na kama alilipwa.

Inapasa kusemwa kwa haki kwamba Tempels mwenyewe hakuishia kwenye kitabu chake. Katika miaka ya 1950, akiwa miongoni mwa wachimba migodi wa Kolwezi, alianzisha pamoja nao Jamaa, chama cha kiroho kilichofundisha kwa Kiswahili na kuenea katika kambi za wafanyakazi za Katanga, na ambacho kiini cha mafundisho yake kilikuwa maneno matatu: uzima, uzazi na mapendo. Maneno hayo yana nguvu kuliko nadharia ya nguvu, kwa kuwa hakuna hata moja kati yake linaloweza kutimia ndani ya kiumbe kilicho peke yake. Uzima hupokewa, uzazi hutoa, na mapendo huwafunga waliotoa na waliopokea. Mwanachama wa Jamaa alijua ni nani waliomzaa katika imani na nani amewazaa yeye, na kujua huko ndiko kulikomfanya awe nani. Fikra hiyo ilitungwa kwa ajili ya watu na haifai kuvishwa vyuma ovyo. Hata hivyo inafungua mlango ambao mata, umbo na namba ya shasi vimeufunga. Huenda kitu kilichoundwa hudumu kwa sababu ya uhusiano kati ya wale waliokitoa na wale waliokipokea, na uhusiano huo, ukielezwa kwa neno lake la kawaida, ni deni.

Hapa inafaa kuuliza kwa nini wanateolojia walishikilia sana kwamba mwili utakaofufuka uwe ule ule, ilhali wangeweza kujiepusha na maswali magumu kwa kusema kwamba Mungu ataumba mwili mpya. Tertullian wa Karthago alitoa sababu iliyo wazi: ufufuo ni kwa ajili ya hukumu, na si haki mwili mmoja utende na mwingine uadhibiwe, wala mwili mmoja uteswe kwa imani yake na mwingine uvikwe taji. Katika Uislamu nako siku ya ufufuo ni siku ya hesabu, na Qurani inafundisha kwamba mikono na miguu itashuhudia iliyoyatenda. Udumufu, kwa dini zote mbili, ni sharti la haki. Panapokuwa hakuna kinachodaiwa, swali la kama kitu ni kile kile laweza kuachwa liwe mchezo wa akili. Panapodaiwa kitu, mtu hana budi kujibu. Mungu ndiye anayeshika hesabu ya mwili uliooza, na kwa hiyo mwili huo haupotei hata chembe zake zikitawanyika pande zote nne. Lori halina mshika hesabu wa namna hiyo isipokuwa watu wanaolifahamu, na udumufu wake ni dhaifu kwa kiasi kile kile ambacho kumbukumbu na uaminifu wao ni dhaifu. Ndipo maneno ya Augustine kuhusu nyama iliyokopwa yanapopata maana mpya: giaboksi iliyotolewa katika lori lililolala ili lori lingine liamke haibadilishi miliki kimya kimya kwa kule kufungwa bolti tu.

Kutokana na hayo, hukumu juu ya zile njia mbili za ufufuaji hugeuka. Ni rahisi kudhani kwamba anayelirejesha lori katika hali ya asili ndiye mwaminifu, na kwamba mjenga hotirodi ni msaliti anayelipachika lori matamanio yake. Lakini Augustine, alipojiuliza miili itafufuka ikiwa na sura gani, alisema kwamba kasoro zitaondolewa na vilivyopungua vitakamilishwa, isipokuwa kwamba makovu ya mashahidi waliouawa kwa ajili ya imani yatabaki, kwa sababu ndani yake mna heshima na si ubaya. Mageuzi makubwa, basi, hayapingani na udumufu. Kinachopingana nao ni kufuta kovu linaloshuhudia. Lori lililobeba mahindi, makaa na watu katika barabara ya Lubumbashi hadi Kolwezi lina mishono ya moto katika shasi yake mahali lilipovunjika kwa mzigo, lina maandishi ya mwenyewe wa kwanza yaliyofifia juu ya kioo, lina mlango wenye rangi ya kampuni iliyokuwa ikilimiliki. Mrejeshaji anayeyasugua hayo yote mpaka chuma king'ae kama siku ya kutoka kiwandani analirudisha lori katika hali ambayo halikuwa nayo lilipokuwa na maisha, na kwa namna fulani anasema kwamba miaka yote ya kazi ya Kikongo ilikuwa uchafu juu ya kazi ya Kijerumani. Mjenga hotirodi anayelikata paa na kulipa injini mpya, huku akiuacha mshono wa zamani uonekane na jina la zamani lisomeke, amelibadilisha zaidi na amelitendea haki zaidi. Kuna wajenzi wa upande huo, ni kweli, wanaofuta kila kitu ili jina lao peke yake libaki, nao hawatofautiani na mrejeshaji huyo ila kwa rangi.

Kwa mji kama Likasi jambo hili si la urembo. Mwaka 1991 uporaji uliikumba miji mingi ya Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, na kuanzia mwaka uliofuata watu wenye asili ya Kasai, wengi wao wakiwa wamezaliwa Katanga katika familia zilizoletwa kufanya kazi migodini, walifukuzwa Likasi na baadaye Kolwezi. Maelfu walikaa kwa majuma katika kituo cha reli cha Likasi wakingoja treni, na wengi waliacha au kuuza kwa bei ya kutupa vile wasivyoweza kuvibeba. Nyumba, mashine, vyombo na magari vilipata wenyewe wapya, baadhi kwa ununuzi wa halali, baadhi kwa kuokotwa, baadhi kwa nguvu, na baada ya miaka 30 chuma cha wakati huo kingali kinafanya kazi ndani ya chuma cha wakati huu. Fundi anayenunua shasi iliyolala nyuma ya ua hana hatia ya yaliyotendwa kabla yake, lakini ikiwa hoja iliyojengwa hapa ni sahihi, hawezi kusema kwamba kwa kuifufua ameifanya kuwa kitu kipya kisicho na jana.

Fikihi ya madhehebu ya Shafi, inayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, ina mlango unaohusu mali iliyookotwa, nao unafaa kufikiriwa hapa hata na wasio Waislamu. Aliyeokota kitu cha thamani huzijua sifa zake, hukitangaza kwa mwaka mzima, na mwenyewe asipotokea anaweza kukimiliki na kukitumia. Lakini akija baadaye na kukithibitisha, anastahili kurudishiwa, au kulipwa thamani yake ikiwa kimetumika kikaisha. Kanuni hiyo haimkatazi mwokotaji kuishi, wala haikilazimishi kitu kioze kikimngoja mtu asiyejulikana kama yu hai. Inachodai ni kwamba alama zijulikane na zihifadhiwe, na mshono wa shasi, jina lililofifia na rangi ya mlango ni alama. Lori lililopata injini nyingine, kimo kingine na paa jingine, likaacha alama hizo mahali pake, bado linaweza kutambuliwa na mtu aliyeondoka na treni mwaka 1992 au na mwanawe, na iwapo atatambua na kuthibitisha, mazungumzo yatakayofuata yatahusu thamani ya shasi kwa upande mmoja na gharama za fundi kwa upande wa pili.